Tawi Liwe Bichi

Kijiji kikiishiwa na watoto, hata umri hupoteza maana. Ndiyo maana Lozan, mwenye miaka hamsini na minane, nywele zimemkimbia na goti moja linalia kila apandapo ngazi, aliambiwa mbele ya watu kwamba yeye ndiye mtoto wa kijiji cha Sivi Dol. Aliyemwambia ni Bibi Yona, na Bibi Yona akishatamka jambo unaweza kumbishia upendavyo, lakini mwisho utalifanya.

Ilikuwa siku ya gari la mkate, wiki ya mwisho ya Desemba. Wazee walikuwa wamejipanga kwenye ukuta wa shule iliyofungwa zamani, wakipiga miguu chini kufukuza baridi. Bibi Yona akasema kwamba Mwaka Mpya uliopita hakuna mjukuu hata mmoja aliyeletwa kutoka mjini, hakuna mgongo uliochapwa, na kila mtu ameona matunda yake: mazishi mawili, kuku wameliwa na mbweha, na nyonga yake yeye imekataa kazi. Mwaka huu mambo hayataenda hivyo. Mdogo kuliko wote ashike survachka, azunguke nyumba kwa nyumba. Wote wakageuka kumtazama Lozan.

"Anafaa," alisema Babu Gatso, ambaye kucheka kwake ndiko kulikomfikisha miaka themanini na sita. "Meno anayo karibu yote."

Lozan akasema atachekwa.

"Na nani?" aliuliza Bibi Yona. "Waliobaki wa kukucheka ni sisi, na sisi tutakuwa tumeinama."

Survachka ni tawi. Asiyelijua ataona fimbo yenye mapambo: uzi mwekundu, manyoya ya kondoo, bisi zilizotungwa kama shanga, pilipili kavu mbili tatu. Kwetu neno hilo lina msimu wa siku moja tu, kisha linalala mwaka mzima. Asubuhi ya Mwaka Mpya mtoto huingia kila nyumba na kuwachapa wakubwa mgongoni, pole pole, huku akiwatakia ngano, tufaha, zabibu na afya, na mwisho anawaambia tuonane mwakani. Mkubwa humpa mkate wa duara, mtoto anauvika kwenye tawi, na safari inaendelea. Ni siku pekee ambayo mtoto anamchapa bibi yake na bibi anamshukuru.

Lozan hakuwa na la kumzuia, ila moja ambalo hakuweza kulisema. Tarehe mbili Januari binti yake Ralitsa angekuja na gari kumchukua ahamie jiji la Plovdiv. Chumba kilikuwa tayari, kazi ya kulinda geti imepatikana, na huko alikuwako mjukuu wake Bilyana, wa miaka sita, aliyemjua babu yake kwenye simu tu, tena alimjua paji la uso, maana Lozan hakuwahi kujifunza kuishika simu vizuri. Tangu mke wake afariki alikuwa akila chakula cha jioni na redio. Alitaka kwenda. Usimlaumu, hata wewe ungetaka.

Tabu ilikuwa kusema. Yeye ndiye aliyepasua kuni za kijiji, yeye aliyefagia theluji njiani, yeye aliyeshuka mjini kuchukua dawa za wote katika mfuko mmoja. Kimya kimya alikuwa ameshaongea na Mladen, mwenye trekta kijiji cha chini, naye amekubali kuzishika kazi hizo kuanzia Januari. Kila kitu kilikuwa kimepangwa isipokuwa ulimi wake. Tangu msimu wa plamu maneno yalikuwa yakimfika kooni na kurudi yalikotoka. Katika mipango yake ya kichwani alikuwa ameamua kufanya kama mwoga yeyote: kuondoka alfajiri, kisha kumwachia Mladen aeleze.

Na kati ya wote waliokuwa wakimnyima usingizi, wa kwanza alikuwa Bibi Rusana, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Huyu alikuwa mama wa Dimo, rafiki wa Lozan tangu wote wawili wakiwa na kamasi. Wakiwa wadogo walizunguka na survachka pamoja, na nyumba ya Rusana waliiweka mwisho makusudi, kwa sababu mkate wake ulikuwa na asali. Baadaye Dimo alikwenda ugenini kutafuta kazi ya ujenzi, jukwaa likaanguka naye, akarudishwa ndani ya sanduku. Tangu mwaka ule Bibi Rusana hufunga lango lake asubuhi ya Mwaka Mpya. Watoto walipokuwa bado wanaletwa kijijini, mama zao waliwanong'oneza wapite bila kugonga.

Majira haya ya baridi mambo yalikuwa yamezidi. Dohani yake ilikaa bila moshi mpaka karibu na adhuhuri. Dawa za moyo alizoletewa zilibaki zimefungwa kwenye pakiti zake. Alimwambia Bibi Yona, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi, kwamba miaka aliyopewa inamtosha na haombi mwingine. Mtu akikataa dawa kwa hasira utambembeleza, lakini akikataa kwa upole utamfanya nini? Lozan alikuwa amepiga hesabu yake mbaya na jibu lilikuwa lile lile kila mara: mimi nikienda Plovdiv, yeye anakwenda kwa Dimo.

Basi, kazi ya survachka aliifanya kama mtu anayelipa faini. Uani kwake palikuwa na tawi la mplamu lililoangushwa na upepo. Akalisafisha, akalizungushia uzi, akabandika manyoya, na siku moja kabla ya Mwaka Mpya akampelekea Bibi Yona alikague.

Bibi Yona hakuangalia mapambo. Alikwangua gome kwa ukucha wa kidole gumba, akatazama rangi ya kahawia iliyotokea, kisha akamtazama Lozan.

"Hiki nini?"

"Survachka."

"Hii ni kuni, Lozan. Nikiitia jikoni sasa hivi itawaka bila karatasi." Akaketi, maana nyonga ilikuwa inamwuma na alikuwa na mengi ya kusema. "Mama yako hakukufundisha neno lenyewe limetoka wapi? Surov. Mbichi. Kijiti kina jina lake, ufito una jina lake, fimbo ina jina lake. Hili waliliita bichi, wakanyamaza, kwa sababu hilo ndilo lote unalotakiwa kujua. Tawi lenye maji ndani. Wewe unataka kunichapa kwa kitu kilichokufa, kisha uniambie niishi?"

Lozan akajitetea kwamba siku hizi mjini wanauza hata za plastiki. Hakupaswa kusema hivyo. Alipewa somo zima, kwamba survachka ni ya mti wa dryan na si mwingine, kwa kuwa dryan huchanua kabla miti mingine haijaamka, na macho ya chipukizi lake hunenepa hata theluji ikiwa imelifunika. Tena akaonyeshwa kwamba vitawi vya pembeni hukunjwa viwe duara na kufungwa kwenye shina, naye alipojaribu kukunja kimoja cha mplamu wake kikakatika papo hapo. Ya tawi ni kama ya samaki: hukunjwa lingali bichi.

"Dryan wa kisimani aliukata Mladen," alisema Lozan. "Nitaupata wapi mwingine leo?"

"Unajua ulipo," alisema Bibi Yona, akamrudishia kuni yake.

Alijua. Ulikuwa nyuma ya nyumba ya Bibi Rusana.

Mtu mwenye akili angegonga mlango na kuomba. Lozan aliogopa kuambiwa hapana, na zaidi ya hapo aliogopa kuketishwa jikoni na kuulizwa habari zake. Kwa hiyo mchana ule alipanda uzio kama mwizi wa kuku, goti likipiga kelele, na kutumbukia kwenye theluji iliyofika juu ya buti. Tawi la kwanza alilikata vibaya likapasuka mpaka kwenye shina. La pili likatoka vizuri, jembamba, lenye vitawi viwili vinavyotazamana, na macho ya chipukizi yalikuwa madogo, ya mviringo, magumu. Akakwangua gome kidogo kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani kibichi kabisa. Lozan, aliyekuja pale kwa kulazimishwa, alisimama akiutazama ule ukijani muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Alipoinua kichwa, Bibi Rusana alikuwa dirishani. Hakumsalimu wala hakumfukuza. Lozan akainua tawi kidogo, kama mtu aliyekamatwa nalo anavyoweza kuinua. Pazia likashuka.

Asubuhi ya Mwaka Mpya alianza na Babu Gatso, kwa kuwa ndiye aliyekuwa rahisi. Gatso alifungua mlango amevaa koti la harusi yake na tai, na harufu ya rakia, pombe kali ya plamu, ilimtangulia kutoka nje. Akainama akishika kizingiti.

"Chapa chini kidogo," alisema. "Huko juu hakuniumi, usipoteze nguvu."

Lozan akachapa, akasema maneno, akakosea, wakacheka wote wawili mpaka Gatso akapaliwa na ikabidi achapwe tena mgongoni, safari hii kwa sababu za kitabibu. Alipewa mkate wa duara na tufaha kavu, na akaulizwa kama ameosha mikono. Kwenye nyumba zilizofuata mambo yalikwenda hivyo hivyo. Wazee waliinama, uti wa mgongo mmoja baada ya mwingine, na Lozan alishangaa jinsi walivyokuwa wepesi chini ya tawi. Alikuwa amezoea kuwaona wakiwa wamekaa, wakilalamika kuhusu kuni. Hakujua kwamba wamepungua hivi. Kila nyumba aliingia akisema hapa nitawaambia, na kila nyumba alitoka na mkate tu.

Bibi Yona alimfanya arudie tangu mwanzo kwa sababu aliruka zabibu. Alitaka ngano, alitaka tufaha, alitaka zabibu, zote kwa mpangilio, na alizipokea ameinama na kufumba macho kama mtu aliye kanisani. Alipomaliza akauvika mkate wake kwenye tawi, akamwekea Lozan kofia sawa.

"Bado nyumba moja."

"Hafungui, Bibi. Unajua hafungui."

"Nimesema bado nyumba moja. Sijasema itafunguliwa."

Njiani Lozan akapata ujanja. Angelitundika tawi kwenye lango, na mkate mmoja juu yake, kisha aende zake nyumbani kufunga mizigo. Ni salamu pia hiyo. Alikuwa ameinama akifunga uzi kwenye chuma, vidole vimekufa ganzi, aliposikia komeo likivutwa upande wa pili. Lango likafunguka pamoja na tawi lake. Bibi Rusana alikuwa amesimama pale na shali nyeusi, mdogo kuliko alivyokuwa wiki iliyopita.

"Umeukata mti wangu kama mbuzi," alisema.

"Nisamehe, Mama."

"Umeupasua mpaka kwenye shina. Ingia, usisimame hapo unanipozea nyumba."

Lozan akalifungua tawi langoni, akaingia nalo. Nyumba ilikuwa imeshapoa bila msaada wa mtu. Jiko halikuwa limewashwa, na ndani mlikuwa na ile harufu ya mahali ambapo hakujapikwa tangu jana. Mezani hapakuwa na kitu. Bibi Rusana akamwambia mapema kwamba hakuoka mkate, kwa hiyo kama ameufuata atoke mikono mitupu. Lozan akasema si kitu. Wakasimama wakitazamana juu ya meza, na yeye, mtu mzima mwenye mikate mitano kwenye fimbo, hakujua aweke wapi mikono yake.

"Kuni ulizonipasulia zinatosha majira mawili ya baridi," alisema Bibi Rusana. "Za Gatso hivyo hivyo. Za Yona hivyo hivyo. Mtu hapasui namna ile kama anakusudia kupasua tena. Unaondoka?"

Angeweza kukana. Alikuwa na uongo wa kutosha, alikuwa ameulimbikiza tangu plamu.

"Ndiyo," alisema. "Kesho."

"Nani hapa kijijini anajua?"

"Wewe."

Bibi Rusana akavuta kiti, lakini hakukikalia, alikishika tu mgongo wake. Akamwambia jambo ambalo Lozan, pamoja na urafiki wote ule, hakuwahi kulisikia. Siku Dimo alipokwenda ugenini aliondoka alfajiri kwa kunyata, viatu mkononi, ili mama asiamke akalia. Yeye alikuwa macho kitandani. Alisikia mlango na akangoja, akidhani atarudi walau aage. Mpaka leo alikuwa hajui kama alifanya vema kutulia kitandani.

"Alitaka nisilie," alisema. "Nililia vile vile. Ila nililia peke yangu."

Lozan akahisi aibu ikimpanda mpaka masikioni, kwa sababu katika mipango yake naye alikuwa ameshaviweka viatu mkononi. Akaketi bila kukaribishwa. Na kwa kuwa ulimi ulikuwa umeshafunguka, ukaenda wote.

"Naogopa, Mama," alisema. "Nataka kwenda, mjukuu wangu hanijui, na naogopa kwenda. Dawa huzimezi, moto huwashi. Nikipanda gari kesho, mwezi ujao watanipigia simu nije kukuzika. Nitaishije na hilo? Dimo angeniuliza swali moja tu, na jibu sina."

Bibi Rusana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umekuja kuniaga," alisema.

"Nimekuja kukuaga."

"Mlangoni. Mchana. Na viatu miguuni."

"Ndiyo, Mama."

Bibi Rusana akaivua shali, akaikunja, akaiweka kwenye kiti, akaegemeza viganja viwili juu ya meza na kuinama. Chini ya sweta mifupa ya mabega yake ilionekana wazi.

"Basi chapa," alisema. "Kwa nguvu. Hii itabidi initoshe mwaka mzima bila wewe."

Lozan akaitoa mikate yote kwenye tawi, akaipanga mezani mbele yake, akachapa. Alichapa kama mtu anayepangusa vumbi kwenye kioo.

"Nimesema kwa nguvu. Sijafa."

Akachapa kwa nguvu. Tawi likapinda, likarudi lilivyokuwa, bisi zikaruka sakafuni. Akamtakia ngano, ingawa hakuwa na shamba tena. Akamtakia tufaha na zabibu. Akamtakia afya, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuyasema kwa kukariri, aliyasema kwa kuyataka. Alipofika pa mwisho akakwama. Mtoto husema tuonane mwakani bila kufikiri, maana mwakani kwake ni kitu kilicho hapo nje mlangoni. Lozan alifikiri. Aliona barabara, aliona theluji, alimwona Mladen na trekta lake, na Bibi Rusana akiwa bado ameinama mbele yake akingoja.

"Maliza," alisema bibi, uso ukitazama meza.

"Tuonane mwakani."

"Mwakani atakuja nani?"

"Mimi. Nitakuja mimi," alisema Lozan, na aliposikia sauti yake akajua kwamba hakusema uongo. "Na Bilyana."

"Ndiye nani huyo?"

"Mjukuu wangu. Ana miaka sita. Hajawahi kumchapa mtu mgongoni."

"Maskini," alisema Bibi Rusana. "Mmemlea vibaya."

Akainuka polepole, mkono mmoja kiunoni, akapangusa macho kwa kiganja bila kuona haya. Akamega kipande cha mkate wa Bibi Yona, akakitafuna, akasema Yona bado anabania chumvi. Kisha akamuuliza kama mtoto huyo anayajua maneno. Lozan akasema hayajui, atamfundisha.

"Yote? Na zabibu?"

"Na zabibu."

"Aanzie hapa, basi. Kabla ya kwa Yona, asije kwangu mkono ukiwa umeshachoka." Akamega kipande cha pili. "Mwambie mkate nitaoka mwenyewe, wa asali. Mwambie nitakuwepo."